Kroshia kwa anayeanza: mshono wa ganda la limau, hatua kwa hatua

Nyumba nyingi za Nairobi zina kitambaa cha kroshia kilichotandazwa kwenye mgongo wa kochi, na mara nyingi kitambaa hicho ndicho kinachowavunja moyo wanaotaka kujifunza. Uzi wake ni mwembamba kama wa kushonea vifungo, sindano yake ya chuma ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, na ua moja lina mishono ambayo jicho geni haliwezi kuihesabu. Anayeanzia hapo huumwa na macho siku ya kwanza na siku ya tatu ameshaacha. Anza na uzi mnene, sindano unayoweza kuishika bila kukaza vidole, na mshono ambao ukishauzoea utakuonyesha wenyewe mahali pa kuchoma.

Mshono wa ganda la limau ni wa namna hiyo. Uso wake una vijinundu vidogo vilivyopangika kimshazari, kama ngozi ya limau ukiipitishia kidole, na pande zote mbili za kitambaa zinafanana. Unafaa mafla, kofia za marvin, blanketi la mtoto, kitambaa cha kuoshea vyombo. Mkono unahitaji kujua mambo matatu tu: mnyororo, mshono mfupi na mshono mrefu.

Vinundu vinatoka wapi

Inafaa kulielewa hili kabla ya kushika sindano, kwa sababu makosa karibu yote utakayofanya yanaelezeka hapa.

Mshono mrefu una kimo cha karibu mara mbili ya mfupi. Ukiubana mrefu mmoja katikati ya mifupi miwili, kichwa chake kinataka kupanda lakini majirani wanakivuta chini. Hauna pa kwenda, basi kiwiliwili chake kinapinda na kutokeza kama tumbo. Tumbo hilo ndilo kinundu. Mstari unaofuata unakaa kinyume: mfupi juu ya mrefu, mrefu juu ya mfupi. Hivyo kila baada ya mistari miwili, popote utakapopima kwenye kitambaa, kuna mfupi mmoja na mrefu mmoja, na kimo kinalingana. Kwa hiyo kitambaa kinanyooka ingawa kimejengwa kwa mishono isiyolingana. Na kwa kuwa kazi inageuzwa kila mwisho wa mstari, vinundu hutokea pande zote mbili.

Kanuni nzima ni hiyo: mfupi juu ya mrefu, mrefu juu ya mfupi.

Tahadhari moja ya majina

Ukitazama video za mtandaoni utasikia singo, dabo na trebo. Mmarekani na Mwingereza hawayatumii majina haya kwa maana moja. Mshono mfupi Mmarekani anauita singo, Mwingereza anauita dabo. Mshono mrefu Mmarekani anauita dabo, Mwingereza anauita trebo. Aliyefundishwa kwa vitabu vya Uingereza kisha akafuata video ya Marekani atatoa kitambaa kifupi kupita kiasi na hatajua kwa nini. Kabla ya kufuata maelezo yoyote tafuta neno singo: likiwepo, mwandishi anatumia majina ya Kimarekani. Hapa tutasema mfupi na mrefu basi.

Uzi na sindano

Nunua uzi wa unene wa kati, wa rangi moja, nyepesi. Rangi ya maziwa, kijivu cheupe, manjano au waridi hafifu zinafaa. Nyeusi na buluu nzito ya sweta za shule ziache kwanza. Mishono haionekani ndani yake hata mchana, sembuse stima zikipotea. Uzi wenye manyoya au wenye rangi zinazobadilikabadilika nao uache, maana vinundu vinamezwa na ule urembo na hutaona ulichokifanya.

Unene unapimika kwa rula. Zungusha uzi kwenye rula, nyuzi zikigusana bila kubanana, mpaka zijaze sentimita 2.5, kisha hesabu mizunguko. Ikiwa 8 hadi 11, huo ni unene wa kati na utauhitajia sindano ya milimita 5. Ikiwa 12 hadi 14, uzi ni mwembamba kidogo. Tumia milimita 4. Ikizidi hapo, uzi huo wa kitambaa cha kochi usubiri.

Biashara Street na vichochoro vyake, au Eastleigh kwa wanaonunua kwa jumla, hutakosa uzi. Tatizo ni kwamba mabonge mengi huuzwa bila karatasi yake, nawe huwezi kujua kama ni akriliki, pamba au sufu. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano juu ya sinki na ukiwashe. Akriliki inayeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inatoa harufu ya nywele zilizoungua. Jambo hili si la udadisi tu. Kitambaa cha kushikia sufuria ya moto kikifumwa kwa akriliki kitayeyukia mkononi, kwa hiyo cha jikoni kiwe cha pamba tupu. Mafla na marvin za baridi ya Julai zinaweza kuwa za akriliki bila shida.

Kama bonge lina karatasi, tazama namba ya rangi na namba ya loti. Mabonge mawili ya rangi ile ile yaliyotiwa rangi siku tofauti hupishana kidogo, na tofauti hiyo dukani huioni. Utaiona kwenye jua, mafla ikiwa imefika nusu. Nunua yote siku moja, ongeza na moja la akiba.

Wapo wanaofumua sweta za mitumba za Gikomba kupata uzi wa bei nafuu. Ni njia nzuri, ila kagua mshono wa ubavuni kwanza. Ukiwa umeshonwa kwa mashine ya kuziba kingo, sweta ilikatwa kutoka kwenye jora, na ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa kitu. Tafuta ambayo kingo zake zimefumwa nzima. Uzi ukitoka uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya vuguvugu na uutundike ukauke ili mikunjo itoke.

Sindano iwe ya alumini au mbao, laini, isiyokwaruza uzi. Namba ikiwa imefutika, funga ukanda wa karatasi mara moja kwenye shina, pale ambapo kitanzi hukaa, weka alama unapokutana, kisha upime kwa rula. Milimita 15.7 ni sindano ya 5; milimita 12.6 ni sindano ya 4. Sindano za kuchonga kwa spoku ya baiskeli zina unene wa milimita 2 tu na hazifai kwa kazi hii.

Ongeza mkasi, pini mbili za nepi za kuwekea alama, rula, na shazia au sindano yoyote butu yenye jicho kubwa ya kufichia ncha.

Mnyororo

Tengeneza fundo la kitanzi: acha ncha ya sentimita 15, kunja uzi upate duara, vuta uzi unaotoka kwenye bonge upite ndani ya duara kama kitanzi, kisha kaza kidogo. Kiingize kwenye sindano. Kitanzi kiteleze bila kulegea. Kama huwezi kukisogeza kwa kidole kimoja, kimekaza mno.

Mkono wa kulia ushike sindano, kama kalamu au kama kisu cha mezani, vyovyote unavyoona raha. Mkono wa kushoto ushike uzi: upite juu ya kidole cha shahada, chini ya vile viwili vya kati, na uzungushwe mara moja kwenye kidole cha mwisho. Mzunguko huo wa kidole cha mwisho ndio breki, nao unafanya mishono ilingane. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe pande zote, afume kutoka kushoto kwenda kulia, hesabu hazibadiliki.

Piga uzi, yaani uuzungushe juu ya sindano kutoka nyuma kuja mbele, uushike kwa ndoana na uuvute upite ndani ya kitanzi. Huo ni mnyororo mmoja. Fanya 25.

Kuhesabu: mnyororo uliolala vizuri unaonekana kama herufi V zilizofuatana. Kila V ni moja. Kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi, wala fundo la mwanzo. Wengi hukosea hapa, kisha wakatafuta kosa mstari wa kumi.

Kosa la pili la hapa ni mnyororo kukaza. Anayeanza huogopa uzi kumponyoka, basi anavuta. Mnyororo ukikaza, upande wa chini wa kitambaa unakuwa mfupi kuliko wa juu na kazi inapinda kama ndizi. Kulegeza mkono kwa kujiambia ulegee hakusaidii sana. Njia ya hakika ni kufuma mnyororo kwa sindano kubwa zaidi, milimita 5.5 au 6, kisha kurudi kwenye ya 5.

Mishono miwili

Mshono mfupi: choma sindano, piga uzi, uvute utokee upande wako. Sasa una vitanzi 2. Piga uzi, vuta upite katika vyote 2. Kimebaki kimoja.

Mshono mrefu: piga uzi kwanza, ndipo uchome. Piga uzi, uvute utokee. Sasa una vitanzi 3. Piga uzi, upitishe katika 2 vya kwanza, vinabaki 2. Piga uzi tena, upitishe katika hivyo 2. Kimebaki kimoja.

Kote tunapochoma kwenye mshono wa mstari uliopita, sindano hupita chini ya nyuzi zote mbili za ile V iliyo juu yake. Ukishika uzi mmoja tu, kitambaa kinatokea na mistari ya mfereji na kinalegea.

Kipande cha mazoezi, mishono 24

Mstari wa kwanza uwe wa mifupi mitupu. Yapo maelezo yanayokupeleka moja kwa moja kwenye vinundu juu ya mnyororo, lakini mnyororo unajiviringisha mkononi na ukiongeza mawazo ya mfupi na mrefu utachanganyikiwa bure. Ruka mnyororo ulio karibu kabisa na sindano, choma wa pili, fanya mfupi. Endelea, mmoja kila mnyororo, mpaka mwisho. Hesabu: 24. Ikiwa si 24, fumua sasa, ni kazi ya dakika chache.

Mwisho wa mstari piga mnyororo 1 wa kupanda na ugeuze kazi kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Mnyororo huo hauhesabiwi kuwa mshono na hutauchoma kamwe. Ni wa kuinua uzi tu.

Mstari wa 2: mfupi katika mshono wa kwanza kabisa, ule ulio chini ya mnyororo wa kupanda. Hapohapo weka pini kwenye V yake. Kisha mrefu katika unaofuata, mfupi, mrefu, mfupi, mrefu. Kwa kuwa mishono ni 24, yaani shufwa, ulianza na mfupi na lazima umalize na mrefu. Kitambaa bado ni laini hapa. Usihofu, vinundu havijajitokeza vizuri.

Mnyororo 1, geuza.

Mstari wa 3: mshono unaokukabili sasa ni ule mrefu uliomalizia. Juu ya mrefu unakaa mfupi. Fuma mfupi. Unaofuata chini ni mfupi. Juu yake weka mrefu. Endelea hivyo. Mshono wa mwisho wa mstari huu ni ule uliouwekea pini. Ondoa pini, fuma mrefu hapo. Hesabu 24.

Mstari wa 4 ni sawa na wa 3, na wa 5 ni sawa na wa 4. Kila mstari unaanza na mfupi na kuisha na mrefu, na kila mstari pini inahamia kwenye mfupi wa kwanza. Kwa sindano ya 5 na uzi wa kati, mishono 14 hutoa takriban sentimita 10, na mistari 12 hivi hutoa sentimita 10 za kimo. Mikono inatofautiana, kwa hiyo pima yako. Ukifika mstari wa 20 utakuwa na kipande cha mraba cha karibu sentimita 17 kila upande.

Ukikisoma kitambaa huhitaji kukariri

Ifikapo mstari wa 5 acha kunong'ona "mfupi, mrefu" na uanze kutazama. Shika kazi karibu na dirisha na uvute kidogo kwa pande. Mfupi ni mnene na umechuchumaa, unaonekana kama fundo lililobanwa chini ya V yake. Mrefu una shina, na katikati ya shina hilo umepita uzi mmoja kimshazari, kama mshipi wa begi uliovaliwa begani. Mshipi huo ni ule uzi uliopiga kabla ya kuchoma, na mfupi hauna. Ukiuona chini ya sindano, jibu ni mfupi. Usipouona, jibu ni mrefu.

Faida yake utaiona kwenye matatu. Simu inaita, kondakta anadai nauli, dereva anapiga breki, na hukumbuki ulikuwa wapi. Asiyeweza kusoma kitambaa anafumua mstari mzima. Anayeweza anatazama chini, anaona mshipi, anafuma mfupi, anaendelea. (Na ukifuma safarini, kila unaposimama ingiza pini ya nepi kwenye kitanzi cha mwisho. Sindano ikichomoka kwenye tuta, uzi hautafumuka.)

Yanayoharibika, na chanzo chake

Kitambaa kinakuwa pembetatu. Mishono inapungua, na karibu kila mara unaopotea ni wa mwisho. Mfupi wa kwanza wa mstari hujificha nyuma ya mnyororo wa kupanda, nawe ukirudi upande huo unaona umeshamaliza. Kazi ya pini ni kuzuia hili. Kitambaa kikitanuka badala ya kupungua, unachoma ule mnyororo wa kupanda ukidhani ni mshono.

Mstari umeisha na mfupi. Umeruka mshono mmoja au umechoma mara mbili mahali pamoja. Rudi nyuma kwa macho mpaka uone sehemu ambayo mfupi uko juu ya mfupi. Kosa liko hapo au hatua moja kabla. Lakini jihadhari: ukikosea mara mbili katika mstari mmoja, utaisha na mrefu vizuri kabisa na kila kitu kitaonekana sawa. Ndiyo maana mtu mwenye kipimo kizuri cha macho bado anahesabu kila mstari wa tano.

Vinundu vimetoweka, kuna michirizi ya wima. Umeteleza kwa mshono mmoja, na sasa mrefu uko juu ya mrefu na mfupi juu ya mfupi. Nguzo moja inapanda haraka, jirani yake inabaki nyuma, na ukingo wa juu unakuwa meno ya msumeno. Fumua mpaka mstari ambao bado una mpangilio. Kujaribu kurekebisha kwa kubadilisha mstari unaofuata kutaacha kovu linaloonekana kutoka mbali.

Matundu kando ya mishono mirefu. Kitanzi cha kwanza cha mrefu umekivuta juu mno. Kiinue kifikie kimo cha sindano tu, kisizidi.

Kitambaa kigumu kama kadibodi. Vinundu vimejaa uzi, na kwa mkono unaokaza vinasongamana. Panda hadi milimita 5.5. Usijilazimishe kufuma kwa mkono mlegevu; kesho utakuwa umesahau na kipande kitakuwa na nusu mbili zisizofanana.

Uzi unapasuka na ndoana inashika nusu yake. Akriliki ya bei ya chini iliyosokotwa kwa ulegevu hufanya hivi. Izungushe sindano kidogo ndoana itazame chini wakati wa kuvuta. Kama haisaidii, uzi ndio mbaya.

Kuunga bonge na kumalizia

Usiunge katikati ya mstari, fundo litajifanya kinundu cha uongo. Fika mrefu wa mwisho, na vinapobaki vitanzi 2 acha uzi wa zamani, vuta hiyo hatua ya mwisho kwa uzi mpya, ukiacha ncha za sentimita 15 kila upande. Kisha mnyororo 1, geuza, endelea.

Kumaliza kazi: baada ya mshono wa mwisho kata uzi ukiacha sentimita 15, uvute wote utoke katika kitanzi, kaza. Tia ncha kwenye shazia, ipitishe ndani ya mishono sentimita 4 upande mmoja, irudishe sentimita 4, kisha iende tena mara ya tatu ikiruka uzi mmoja. Upande mmoja pekee hautoshi. Akriliki inateleza na ncha itachungulia baada ya kufuliwa mara mbili.

Kingo za kando zitakuwa na mawimbi madogo kwa sababu kila upande una mfupi na mrefu kwa zamu. Kwenye mafla hayaonekani sana. Kwenye kitambaa cha vyombo au blanketi, zungusha mpaka wa mishono mifupi: juu na chini mmoja kwa kila mshono, kila kona mitatu mahali pamoja, na kando mmoja kwa kila mstari, ukiongeza mmoja kila mstari wa sita. Ukingo ukijikunja kuingia ndani, ongeza. Ukifanya mawimbi kama sketi, punguza.

Usipige pasi akriliki yenye vinundu. Joto linalainisha nyuzi, vinundu vinalala, na havirudi tena. Fua kwa maji baridi, kamua ndani ya taulo, laza juu ya meza, nyoosha kwa mikono, acha ikauke bila kuning'inizwa. Pamba inavumilia maji ya moto, ila nayo pasi itaisawazisha.

Kutoka kipande cha mazoezi hadi mafla

Usikitupe kipande chako. Kipime kwa rula, kisha ukiweke kwenye mizani ya jikoni, na utajua uzi wa kazi nyingine yoyote ya mshono huu. Mfano: kipande cha sentimita 17 kwa 17 kina eneo la 289. Tuseme kina uzito wa gramu 20. Mafla ya upana wa sentimita 20 na urefu wa 150 ina eneo la 3,000. Gawanya 3,000 kwa 289, unapata kama 10.4, zidisha kwa gramu 20, ni gramu 208. Mabonge 4 ya gramu 50 hayatafika. Nunua 5.

Upana wa sentimita 20 ni mishono 28 kwa kipimo cha 14 kwa kila sentimita 10. Piga mnyororo 29, mstari mmoja wa mifupi, kisha vinundu mpaka urefu utimie. Kama kipimo chako ni tofauti, badilisha idadi, mradi ibaki shufwa. Malizia na mstari mmoja wa mifupi ili ncha mbili zilingane.

Na ukiuzoea, kuna ndugu yake anayetumia mishono hiyo hiyo miwili, ila safari hii idadi ni witiri. Piga mnyororo 26, fuma mifupi 25. Mnyororo 1, geuza. Katika mshono wa kwanza fuma mfupi na mrefu pamoja, ruka mshono mmoja, katika unaofuata fuma tena mfupi na mrefu pamoja, ruka mmoja, hivyo hivyo mpaka ubaki mshono wa mwisho, nao uupe mfupi pekee. Mistari yote inayofuata ni hiyo hiyo, ukichoma kwenye mfupi na kuuruka mrefu. Vinundu vyake ni vikubwa zaidi na vimelala upande, na kitambaa kinakuwa kizito kidogo, kwa hiyo tumia sindano ya 5.5 tangu mwanzo.